Shajara ya Konda: kumtuliza kenge mkali, Uyole, Mbeya

9 Juni

Saa 10 jioni gari la maofisa wanyamapori limetuletea kenge. Kaja ndani ya pipa la plastiki, mfuniko umefungwa kwa waya, na tangu getini tulikuwa tunausikia mkia ukipiga ubavu wa pipa, pa! pa! pa! Mlinzi akasema, "Huyu konda huyu, anagonga bodi gari iondoke." Jina likaganda hapo hapo.

Bustani yetu ya wanyama ni ndogo: kobe saba, kanga, tumbili wawili, fungo mmoja kipofu. Tuna kibali cha kutunza wanyama ambao hawawezi kurudi porini, na Konda ni wa kundi hilo. Alinaswa bonde la Usangu akiwa mdogo, akauzwa mjini, kijana mmoja akamfuga ndani ya pipa hilo hilo karibu miaka miwili, bila kibali chochote. (Kwa anayefikiri kenge ni kama paka: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haimruhusu mtu kujiokotea mnyama wa porini akamweka uani.) Mguu wa mbele wa kulia hauna vidole viwili, na kucha zilizobaki zimeota upande. Kenge asiyeweza kuchimba wala kupanda mti, porini hamalizi mwaka.

Ni kenge wa nchi kavu, yule wataalamu wanayemwita *Varanus albigularis*, si yule wa mitoni. Kichwa kifupi, pua imefura kama ya bondia mstaafu, mgongoni ana mistari ya madoa ya rangi ya maziwa yaliyoganda. Urefu kwa kukadiria ni mita moja na kidogo. Uzito, kwa fomu aliyokuja nayo, ni kilo 3.1; kwetu hakuna aliyethubutu kumpandisha kwenye mizani kuhakiki.

Mzee mwenye bustani kanikabidhi mimi. "Mwanangu, wewe ndiye uliyesomea mifugo. Mvua za Novemba zikianza, nataka mtu aweze kuingia humo akafagia bila kuvaa kama mchomeleaji."

"Sawa, baba."

Nimesema sawa kwa haraka mno.

11 Juni

Nahitaji kipimo, la sivyo baada ya mwezi tutabaki kubishana kama amebadilika au hajabadilika. Nimechora mistari ya chokaa chini, kuanzia wavu wa banda kwenda nje, nusu mita kwa nusu mita. Kila siku saa 5 asubuhi natembea polepole kumwelekea na kuandika nilipokuwa alipoanza kufoka. Naita "umbali wa kufoka". Leo: mita 4.

Ishara zake zina mpangilio, hazibadiliki. Kwanza koo linavimba. Kisha mwili unabanwa ukawa bapa, ubavu unakugeukia ili aonekane mkubwa. Mkia unapinda kama upinde. Ndipo inatoka sauti, fuuuu, ndefu, kama tairi la trekta linalotolewa upepo. Ukipuuza yote hayo, mkia. Umenipata kwenye gambuti la kushoto na alama ipo.

12 hadi 14 Juni

Mita 4. Mita 4. Mita 4.5. Hajala. Panya niliyemwachia kaoza pale pale.

15 Juni

Baraza limekaa jikoni. Mlinzi anasema anyimwe chakula, njaa itamfunza adabu. Nimemweleza kwamba kenge anaweza kukaa wiki nzima na zaidi bila kula na asijali, kwa hiyo atakayefundishwa adabu ni sisi. Mzee ana wazo jingine: ashikwe kila siku, atake asitake, atazoea. "Hata ng'ombe wa maziwa mwanzo hurusha mateke."

Sikuwa na hoja ya kumjibu, na moyoni niliona ana mantiki. Tunaanza leo. Glavu ndefu za ngozi tumeazima kwa fundi wa mageti.

18 Juni

Siku ya nne ya kumshika. Kila siku namkaba shingo na kiuno, namshikilia dakika kumi, namrudisha. Siku ya kwanza alinimwagia kinyesi kuanzia kifuani hadi magotini, harufu ambayo Mama wa jikoni alikataa niipitishe mlangoni kwake. Siku ya pili alitapika kifaranga alichokula usiku. Umbali wa kufoka leo: mita 6. Sasa anafoka akisikia komeo la geti la nje.

Hapo hapo nikakumbuka watu wanavyosema sikio la kenge halisikii mpaka litoke damu. Nani aliyaona masikio hayo akafikiri hayasikii? Tundu mbili hizo nyuma ya macho zinaisikia baiskeli yangu kabla mbwa hajabweka.

19 Juni

Kaniuma.

Nilikuwa nimevua glavu ya kulia ili nivute komeo. Sikuuona mdomo ukija. Niliona tu kwamba kichwa kilichokuwa kinatazama ukutani sasa kimo mkononi mwangu, kati ya kidole gumba na kifundo. Maumivu yalichelewa kidogo. Cha kutisha ni kwamba hatafuni wala hachani: anashikilia, na kila baada ya sekunde chache anakaza tena, robo mzunguko, kama fundi anayefunga nati. Meno yamepinda kuelekea ndani ya koo, ukivuta mkono unajichana mwenyewe.

Mlinzi akaja mbio na rungu. Nikampigia kelele arudi. Nikapiga magoti taratibu nikamshusha Konda mpaka miguu yote minne ikagusa udongo, nikaacha kumkaba, nikatulia. Nilihesabu. Nilipofika mia moja arobaini na kitu akaachia, akarudi nyuma kinyumenyume huku ananitazama, akaingia chini ya bati lake.

Nimeosha kwa sabuni na maji ya bomba yanayotiririka kwa robo saa, kisha zahanati kwa ajili ya sindano ya pepopunda. Nesi akauliza nimeumwa na nini.

"Kenge."

"Dada, sijauliza aliyekuudhi. Nauliza kilichokuuma."

20 Juni

Mzee kaja kunipa pole na mkungu mzima wa ndizi. Nimemwambia kwa heshima zote kwamba mpango wa kumshika umekufa. Nilikubali kuufanya, kosa ni langu pia. Ng'ombe ni mnyama wa kundi, amezaliwa akiwa na sehemu ndani yake inayokubali kuongozwa. Kenge anaishi peke yake tangu anapopasua yai. Ukimkaba hana namna ya kukuelewa isipokuwa moja: huyu anataka kunila.

Wiki hii simgusi. Nabadilisha maji tu na kuondoka.

25 Juni

Hii ndiyo siku niliyopaswa kuanza nayo.

Fundi umeme aliyekuja kutazama pampu ana kile kipimajoto cha kulenga kama bastola. Nikamwomba dakika tano. Saa 3 asubuhi: sakafu ya banda la Konda nyuzi 11. Bati anapojificha, 13. Mgongo wa Konda mwenyewe, 14. Saa 8 mchana, jua likiwa kali, sehemu yenye joto kuliko zote ndani ya banda ilikuwa 27.

Kenge wa aina hii anataka jiwe la kuotea lenye nyuzi 50 na kitu, na hewa inayomzunguka iwe 28 hadi 32. Usangu alikozaliwa ni bonde, mita elfu moja na kidogo juu ya usawa wa bahari, jua la kukaanga. Uyole tuko karibu mita 1,800, na huu ni mwezi ambao watu wazima wanaota moto jikoni. Tumemchukua mtoto wa Usangu tukamlaza kwenye friji, halafu tunalalamika kwamba hana tabia njema.

Na uhusiano wa baridi na ukali si wa kubahatisha. Mwaka 1982 watafiti Paul Hertz, Raymond Huey na Eviatar Nevo walichapisha kazi yao juu ya mijusi wa jamii ya agama: wakiwa na joto mwilini, ukiwakaribia wanakimbia, wakiwa wamepoa, wanabaki pale pale, wanatanua mdomo na kurukia. Ukifikiri, inaeleweka. Misuli iliyopoa haikimbii, lakini taya bado linauma. Mnyama asiye na miguu ya kukimbilia hana njia nyingine ila kupigana.

Inaeleza hata kutapika. Bila joto chakula kinaoza tumboni kabla hakijasagwa.

1 hadi 9 Julai

Ujenzi. Sitaandika kila msumari.

Upande unaoelekea Mlima Loleza, upepo wa usiku unakotokea, tumeziba kwa mabati na magunia ya pumba kati yake. Paa tumeondoa nusu ya bati tukaweka nailoni ya kitalu, jua linaingia na joto halitoki. Nusu ya upande wa mashariki tumeacha wavu mtupu makusudi, kwa sababu kioo na nailoni hupunguza ule mwanga wa jua unaomwezesha kutengeneza vitamini D, na bila hiyo mifupa inalegea. Chini tumepanga mawe meusi ya mtoni, mazito. Juu ya mawe taa moja nyekundu ya kulelea vifaranga, wati 250, ndani ya kizimba cha waya ili asiikumbatie akaungua. Tumempa pia sanduku la mbao lenye mlango mwembamba na udongo mkavu wa kina cha goti, upande usio na joto. Achague mwenyewe.

Mzee kapiga hesabu ya Luku mbele yangu: wati 250 kwa saa nane ni uniti mbili kila siku. "Huyu anakula umeme kuliko mimi na mke wangu." Tumeelewana taa iwake saa 12 asubuhi hadi saa 4, kisha jua lishike zamu. Uniti moja kwa siku.

Jiwe la katikati saa 7 mchana: nyuzi 51. Nilirudia kupima mara tatu kwa furaha tu.

12 Julai

Umeme umekatika tangu jana jioni na usiku ulikuwa wa barafu, majani ya maharage bondeni yameungua. Saa 3 usiku nilichemsha maji, nikajaza dumu la lita 20, nikalizungushia gunia, nikalisukuma ndani ya sanduku kwa mpini wa fagio. Asubuhi nimemkuta kalilalia, miguu imening'inia huku na huku, kama mtoto mgongoni kwa mama.

Mlinzi akachungulia. "Umeona? Ameshatulia."

Hapana. Nje ya sanduku kulikuwa na nyuzi 6, na hata akiwa juu ya dumu lililokwisha kupoa hakuwa na nguvu ya kuinua shingo. Wapo watu wanaomwita mnyama wa namna hii mpole, wanampiga picha shingoni. Mimi sikuandika umbali wa kufoka siku hiyo. Nilisubiri umeme na jua.

20 Julai

Mita 3.5, akiwa na joto. Kala konokono wanne mfululizo, magamba yanavunjika mdomoni kama karanga. Hajatapika tangu tarehe 6.

22 Julai

Awamu ya pili, baada ya ile ya joto. Nimechukua fulana yangu niliyoivaa siku mbili shambani, sijaifua, nikaiweka mlangoni mwa sanduku. Kenge ananusa kwa ulimi: ncha mbili zinakusanya harufu hewani na kuipeleka kwenye kiungo kilicho juu ya kaakaa. Leo katumia karibu dakika ishirini kuilamba hewa iliyo juu ya fulana, akazunguka, akarudi. Kisha akaikanyaga akaenda kuota jua.

Nami kila siku saa 5 nakaa kwenye stuli nje ya wavu nusu saa. Simtazami. Napukuchua mahindi. Hii ya mahindi niligundua kwa bahati: mtu anayemtazama mnyama anakakamaa bila kujijua, lakini mtu anayepukuchua mahindi ana shughuli zake. Mama wa jikoni kafurahi kupata mtu wa bure.

29 Julai

Kuna kitu hakiendi. Juzi mita 1.5. Jana mita 3.5. Leo asubuhi 1.5, mchana 3.5. Joto lile lile, fulana ile ile, mtu yule yule.

Mchana wa jana na wa leo nilikuwa namrekodi ili nimwonyeshe Mzee.

Nikarudi saa 9 na simu mfukoni: mita 1.5. Nikatoka nje ya uzio, nikaingia tena nimeinua simu mbele ya uso: mita 3.5, na safari hii mdomo wazi. Nikaishusha. Koo likanywea kama puto lenye tundu.

Nikampigia ofisa aliyemleta. Akacheka kwa uchungu. Yule kijana aliyemfuga alikuwa na video kadhaa kwenye simu. Mkono mmoja unarekodi, mwingine unachokoa ndani ya pipa kwa fimbo ili kenge afoke, watazamaji wafurahi. Miaka miwili.

Nilikaa kwenye stuli muda mrefu baada ya simu hiyo. Mahindi sikuyagusa.

30 Julai

Nimejaribu fimbo, ikiwa imelala tu chini, mita 5 kutoka kwake. Nusu dakika haikupita.

Agosti, wiki ya kwanza

Orodha ya vitu vinavyomtisha, kwa ukali wake: fimbo, simu iliyoinuliwa, kitu chochote kinachotoka juu ya kichwa chake, mlinzi. Mlinzi kasikitika. Anatembea na rungu kwapani, kwa hiyo kwa macho ya Konda yeye na fimbo ni kiumbe kimoja.

Dawa ni ile ile ya fulana. Simu mbovu ya Mama, ile ya tochi, nimeiweka mita 3 kutoka kwenye jiwe, kioo chini. Kila nikimpa konokono simu ipo. Kila siku inasogea kidogo.

14 Agosti

Simu mbovu iko pembeni ya jiwe na jana waliota jua pamoja. Awamu ya tatu ianze: kumfundisha kufuata alama.

Wazo si langu. Kwenye bustani kubwa za wanyama ng'ambo, kenge wakubwa wa Komodo wanafundishwa kugusa kibao cha rangi kwa pua ili wapate chakula, kisha kibao kinawaongoza wanakotakiwa kwenda bila mtu kuwashika. Mimi nilichukua mfuniko mwekundu wa ndoo ya rangi, nikaupigilia kwenye ufito wa mita moja.

Ndiyo, ufito. Baada ya yote niliyoyaandika hapo juu, nilimwendea na fimbo. Mita 4 na mkia mmoja kwenye wavu. Nimeandika hapa ili mtu akinisifia nimsomee.

16 Agosti

Mfuniko sasa uko kwenye upawa wa plastiki wa zamani. Mfupi, mweupe, haufanani na fimbo. Naupitisha chini, usawa wa udongo, kwenye kitundu cha wavu. Leo kaunusa mara mbili. Kila akiunusa konokono anadondoka kutoka kwenye koleo, si mkononi mwangu. Mkono hauleti chakula kamwe, na kabla ya kumsogelea nanawa harufu yote ya panya na vifaranga. Sitaki siku moja aone vidole akafikiri ni mlo. Nikitoka nanawa tena, maana wanyama hawa hubeba salmonela, vijidudu vya kuharisha, bila kuugua wenyewe.

23 Agosti

Anagusa mfuniko kwa pua mara saba kati ya kumi. Anaufuata kutoka jiwe hadi sanduku.

Kitu kimoja nje ya mpango. Nimezoea kumpa konokono watano kila somo. Leo nilimpa wanne, nikafunga kopo. Alikuja kwenye kitundu, akaingiza pua, akangoja. Ulimi, ulimi, ulimi. Dakika sita. Iliwahi kuripotiwa kutoka San Diego, Marekani, kwamba mtafiti John Phillips aliwazoesha kenge wa aina hii idadi maalumu ya konokono, na akipunguza mmoja wanaendelea kumtafuta aliyekosekana. Walionekana kuweza kuhesabu hadi sita. Nilisoma nikaona ni hadithi. Nimempa wa tano, akageuka akaondoka hata bila ahsante.

27 Agosti

Wageni, wanafunzi arobaini na walimu wawili. Nilikuwa kwa kobe. Niliposikia pa! pa! nikajua. Mtoto mmoja kapitisha kijiti kwenye wavu, wenzake watatu wameinua simu. Hawana kosa, hakuna aliyewaambia.

Saa 10 jioni: mita 4.

Sikuwa na hasira na watoto. Nilikuwa na hasira na mimi, niliyechora mistari ya chokaa kwa ajili yangu na kusahau kuweka kamba kwa ajili ya wengine. Kamba imewekwa sasa, mita 3 kutoka kwenye wavu, na kibao: SIMU CHINI, FIMBO NJE. Mlinzi ndiye aliyekiandika, kwa mwandiko mzuri ajabu.

2 Septemba

Nilidhani tutarudi Juni. Siku sita tu na tupo mita 1.5 tena.

6 Septemba

Mzee kauliza kwa upole kama kweli kuna mtu duniani aliyewahi kufanikiwa na kenge, au tunapoteza konokono. Nikamsimulia juu ya Joan Procter, msimamizi wa reptilia wa bustani ya wanyama ya London. Mwaka 1927 alipokea Komodo wawili, mmoja wakampa jina Sumbawa. Mwaka uliofuata akaingia naye kwenye mkutano wa wanasayansi, akamlisha kwa mkono wake huku akimpapasa, mbele ya wazee wa suti. Mwanamke mwenyewe alikuwa mgonjwa wa muda mrefu, alifariki 1931 akiwa na miaka 34.

Mzee akafikiri. "Na huyo Komodo ni mkubwa kuliko wetu?"

"Mkubwa mno, baba."

"Basi endelea."

10 Septemba

Nimeingia. Gambuti, suruali nene, mikono mitupu. Nimekaa kwenye stuli ndani ya banda, nikapukuchua. Alikaa ndani ya sanduku, pua tu nje, dakika ishirini na tano. Nikatoka.

11 hadi 18 Septemba

Hivyo hivyo. Pua. Pua na shingo. Pua. Mwili mzima. Pua.

19 Septemba

Katoka, kapita chini ya stuli, kakanyaga gambuti la kushoto, lile lenye alama ya mkia wake, kalilamba, kapanda kwenye jiwe. Niliacha kupumua. Punje za mahindi zilikuwa zinanidondoka mkononi moja moja.

28 Septemba

Mguso wa kwanza, kwa brashi laini ya kupakia rangi, ubavuni, kutoka upande anaouona. Kamwe si kutoka juu, huko ndiko mwewe anakotokea. Mara ya tano alifumba jicho la upande wangu. Mara ya sita akanyanyuka akaondoka, nami nikamwacha. Hilo ndilo sharti nililojiwekea: akiondoka, somo limekwisha. Mnyama anayejua anaweza kuondoka hana sababu ya kuuma.

6 Oktoba

Mkono. Mgongo wa mkono kwanza, ule wenye makovu yake. Ngozi si baridi wala haina utelezi kama watu wanavyodhani: ni kavu, ya moto kwa jua, imejaa shanga ndogo ndogo kama mkoba wa ushanga uliovaliwa miaka mingi. Chini yake ubavu unapanda na kushuka polepole.

13 Oktoba

Mkali tena, mita 2. Nimekagua joto, sawa. Kamba, sawa. Halafu nikaona ngozi imepauka kidogo na mkia unabanduka: anajivua ngozi. Nimeacha kila kitu siku nane. Karai la maji vuguvugu tu nimemwekea, kajilaza humo kama mzee kwenye maji ya dawa.

22 Oktoba

Daktari wa mifugo kaja kuangalia kucha. Nilimwongoza Konda kwa upawa hadi kwenye kreti, kreti likapandishwa mezani, mfuniko ukafunguliwa. Daktari ni mtu mrefu, akainama kutoka juu.

Konda akapinduka, tumbo juu, mdomo wazi, ulimi nje. Mguu mmoja ukatikisika, ukakoma.

Daktari akamgusa. Hakuna. Akamnyanyua mkia, ukaanguka kama kamba. Akavua miwani, akanishika bega. "Pole sana, dada. Inawezekana moyo."

Nami nilikuwa tayari natokwa na machozi. Mlinzi, kutoka mlangoni, ndiye aliyesema, "Mbona tumbo linapumua?"

Kujifanya mfu ni hila inayojulikana ya kenge wa aina hii anapozidiwa. Nilikuwa nimeisoma. Nimeisoma mara mbili. Tulimwacha, tukarudi nyuma hatua nne, na baada ya kama dakika tatu maiti ikajigeuza, ikatazama kushoto na kulia, ikarudi kwenye kreti yenyewe. Daktari alikata kucha mbili wakati Konda ameficha kichwa, ngozi ya zamani iliyobana kidole cha nyuma tukaitoa kwa mafuta ya kupaka, kazi ikaisha. Hajadai nauli.

2 Novemba

Mizani: kilo 3.9. Kwenye fomu aliyokuja nayo iliandikwa 3.1. Nimepunguza mayai, sasa ni moja kwa wiki mbili. Kenge wa kufugwa ni rahisi kunenepa, na unene unaua polepole bila kelele.

15 Novemba

Jana usiku mvua ya kwanza ya maana, bati zima lilikuwa linaimba. Leo asubuhi nimeingia na fagio. Kwa Konda fagio ni fimbo yenye nywele, kwa hiyo lilikaa humo wiki tatu kabla sijalitumia. Nimefagia banda lote, nimebadilisha maji, nimetoa magamba ya konokono. Yeye alikuwa juu ya jiwe, anangoja jua lipasue wingu. Umbali wa kufoka: hakuna, nimeandika sifuri kisha nikaizungushia duara kwa kalamu nyekundu.

Mzee alisimama nje ya kamba, kofia mkononi. Akatoa simu mfukoni, akasoma kibao, akairudisha.

Kwa mlinzi bado ni mita 2.5, hata bila rungu. Anasema hajali, lakini jioni nimemkuta amesimama pale kwenye mstari wa mwisho wa chokaa, ameinama, anaongea naye mambo ya mpira. Nimemwomba koti lake la zamu za usiku, lile asilolifua. Kesho saa 5 naliweka mlangoni mwa sanduku. Na gunia la mahindi lipo, stuli ya pili nimeazima jikoni.